HANNINGTON: JINA LA UKOO LA KIINGEREZA NA MAISHA YAKE MAPYA UGANDA

Utangulizi

Mwezi Agosti, mwaka mpya wa masomo unapoanza, kazi ya kwanza ya mwalimu ni kuita majina. Katika miaka yangu ya kufundisha Kiswahili hapa Kampala nimewaita akina Hannington kadhaa. Mmoja alitoka Mukono, mwingine Mityana, mwingine Busoga, mwingine Ankole. Hakuna aliyekuwa ndugu wa mwenzake, na hakuna aliyekuwa na baba aitwaye Hannington. Mgeni kutoka Uingereza angeshangaa, kwa sababu kwao Hannington ni jina ambalo mtoto hulirithi kwa babake, naye babake alilirithi kwa babu.

Huenda nisingalifikiri sana juu ya jambo hili kama si yaliyompata mmoja wao. Kijana huyo aliomba nafasi ya kusoma katika chuo cha nchi jirani. Fomu aliyoletewa ilikuwa ya Kiswahili, nami nikafurahi kuona lugha tunayoifundisha ikimfungulia mtu mlango. Fomu ilikuwa na nafasi tatu: jina la kwanza, jina la kati, jina la ukoo. Katika nafasi ya kwanza aliandika Hannington. Katika ya pili aliandika jina lake la Kiganda. Katika ya tatu aliandika Mmamba.

Waganda wanaosoma makala haya tayari wanacheka. Mmamba ni samaki, yule ambaye Watanzania wa kandokando ya ziwa humwita kamongo, na ni jina la mojawapo ya koo kubwa za Buganda. Kijana alikuwa amefuata nilivyomfundisha darasani: ukoo kwa Kiganda ni kika, na kika chake ni Mmamba. Lakini neno hilo halikuwamo katika cheti chake hata kimoja. Fomu ikarudishwa. Barua zikaandikwa, kiapo kikaapwa mbele ya wakili, na mambo yalipokuja kunyooka muhula wa kwanza ulikuwa umekwisha. Karani aliyeirudisha fomu hakukosea, wala kijana hakukosea. Kosa lilikuwa katika somo langu.

Makala haya yanakusudia kulipa deni hilo. Nitaeleza jina la ukoo la Kiingereza ni kitu gani, limetoka wapi na limesambaa vipi, nikilichukua jina la Hannington kuwa mfano. Kisha nitaonyesha lilivyobadilika lilipofika kwetu. Mwishoni nitauliza kama sisi walimu wa Kiswahili tunawatendea haki wanafunzi wetu tunaposema "jina la ukoo" bila maelezo zaidi.

Majina ya ukoo ya Kiingereza yalivyozaliwa

Waingereza hawakuwa na majina ya kurithi tangu mwanzo. Kabla ya Wanormani kuiteka nchi yao mwaka 1066, mtu alitosheka na jina moja. Baada ya hapo, kidogo kidogo, kwanza kwa matajiri wenye ardhi na baadaye kwa watu wa kawaida, jina la pili likaanza kushika. Kufikia miaka ya 1400 sehemu kubwa ya Uingereza ilikuwa na majina yanayotoka kwa baba kwenda kwa mwana. Sababu zilikuwa za kawaida kabisa. Ardhi ilitaka mrithi anayejulikana, na serikali ilitaka mlipakodi asiyeweza kujificha nyuma ya jina la John wakati kijiji kizima kimejaa akina John. Kodi ya kichwa ilipotozwa mwaka 1377, 1379 na 1381, makarani walihitaji kuandika John yupi.

Wataalamu wa elimu ya majina huyagawa majina hayo katika mafungu manne. Kwa bahati njema hatuhitaji kwenda London kuitafuta mifano. Historia ya Uganda inayo yote.

Fungu la kwanza ni majina ya kazi. Askofu Alfred Tucker alifika Buganda mwaka 1890 na kuliongoza kanisa la Namirembe hadi 1911. Miongoni mwa wasaidizi wake wakubwa alikuwamo Robert Henry Walker. Kwa masikio yetu haya ni majina mawili yasiyohusiana. Lakini zamani, kitambaa cha sufu kilipotoka kwenye kitanda cha mfumaji kililoweshwa ndani ya pipa na kukanyagwa kwa miguu hadi nyuzi zishikane na kitambaa kiwe kizito. Mkanyagaji huyo kusini-magharibi, katika Devon, Cornwall na Somerset, aliitwa Tucker. Kusini-mashariki aliitwa Fuller. Kaskazini na sehemu za kati aliitwa Walker. Kazi ni ile ile. Lahaja ndizo tofauti. Kwa hiyo wale wazee wawili wa Namirembe walikuwa na jina moja lililotamkwa kwa lahaja mbili, kama vile samaki wetu alivyo mmamba huku na kamongo kule.

Fungu la pili ni majina ya baba. Charles Wilson, aliyekuwa mmoja wa wamisionari wa kwanza wa Kianglikana kufika kwa Kabaka Mutesa wa Kwanza mwaka 1877, alibeba jina lenye maana ya "mwana wa Will". Alexander Mackay, fundi aliyefika 1878, alikuwa Mskochi, na jina lake lina maana ya "mwana wa Aodh". Fungu la tatu ni lakabu, yaani majina ya utani yanayotokana na umbile au tabia. James Grant, aliyefika Buganda pamoja na Speke mwaka 1862, alibeba neno la Kifaransa lenye maana ya "mkubwa"; bila shaka babu yake wa mbali alikuwa pande la mtu.

Fungu la nne ni majina ya mahali. Livingstone ni la fungu hili, kutoka mji mdogo wa Uskochi. Hannington pia ni la fungu hili.

Hannington: kutoka kijiji hadi dukani

Kusini na katikati ya Uingereza kuna vijiji vitatu viitwavyo Hannington: kimoja katika Hampshire, kimoja katika Wiltshire na kimoja katika Northamptonshire. Vyote vitatu vimeandikwa katika daftari la ardhi ambalo mfalme William aliamuru litengenezwe mwaka 1086. Cha Hampshire na cha Northamptonshire vina asili moja: hapo zamani palikuwa na mtu aitwaye Hana, na mahali pakaitwa shamba au makazi ya watu wa Hana. Mwisho wa jina, yaani ile "ton", ndio uliokuja kuwa neno la Kiingereza la mji. Cha Wiltshire kilikuwa kilima na si shamba, na matamshi yalikuja kulingana baadaye. Katika Kiingereza cha kale hana ni jogoo, kwa hiyo kilima hicho huenda kilikuwa cha majogoo, au cha mtu aliyepewa jina la jogoo.

Msomaji wa Kiswahili hapati shida kuuelewa muundo huu. Sisi tungesema Kwa Hana. Afrika Mashariki imejaa majina ya namna hiyo, hasa kando ya njia za misafara, ambako mahali palijulikana kwa mwenyeji wake.

Lakini kuna jambo moja la kuzingatia. Mtu anayeishi katika kijiji cha Hannington haitwi Hannington, kwa kuwa wote pale ni wa Hannington. Jina humshika mtu anapohama. Akifika kwa wengine wanamwita yule wa Hannington, na jina linabaki kwake na kwa watoto wake. Ndivyo ilivyo hata kwetu: hakuna anayeitwa Mpemba akiwa Pemba. Kwa hiyo jina la ukoo la namna hii ni kumbukumbu ya kuondoka. Aidha, kwa kuwa vijiji vyenyewe ni vidogo, wenye jina la Hannington hawakupata kuwa wengi. Walker na Tucker walizaliwa kila palipokuwa na pipa la sufu, lakini Hannington alihitaji kutoka katika kimojawapo cha vijiji vitatu.

Katika karne ya 19 jina hili lilijulikana sana katika jimbo la Sussex, kwa sababu ya duka. Mwaka 1808 mfanyabiashara Smith Hannington alifungua duka la nguo katika mji wa Brighton, kando ya bahari. Duka hilo lilikua likawa kubwa mno, likadumu karibu miaka 200 hadi lilipofungwa mwaka 2001. Mjukuu wake, James Hannington, alizaliwa mwaka 1847 katika kijiji cha Hurstpierpoint, si mbali na mji huo. Alijaribu kazi ya duka akaona haimfai, akawa kasisi. Kama angebaki dukani, sisi hapa tusingekuwa na Hannington hata mmoja.

Jina lilivyovuka bahari

James Hannington alikuja Afrika mara mbili. Mwaka 1882 alipitia Unguja akaelekea ziwani, lakini maradhi yalimrudisha kwao. Mwaka 1884 aliwekwa wakfu kuwa askofu wa kwanza wa dayosisi mpya ya Afrika ya Ikweta upande wa mashariki, na mwanzoni mwa 1885 akafika Mombasa. Safari hii alichagua njia fupi zaidi ya kwenda Buganda, ile inayokatiza nchi ya Wamaasai. Alipita kando ya ziwa lenye chemchemi za maji moto katika Bonde la Ufa, ambalo Wazungu walikuja kuliita Ziwa Hannington. Ndilo Ziwa Bogoria la Kenya ya leo. Kituo chake kikubwa cha mwisho kilikuwa mahali panapoitwa sasa Mumias. Wapagazi Waswahili walipaita Kwa Sundu, kwa jina la mtawala wa pale. Hivyo mtu wa Kwa Hana alianza hatua yake ya mwisho kutoka Kwa Sundu.

Huko aliiacha sehemu kubwa ya msafara wake chini ya William Jones, kasisi Mwafrika kutoka Rabai, akaendelea na watu wachache hadi Busoga. Hakujua, au hakupima sawasawa, kwamba njia ya mashariki ilikuwa inaogopwa Buganda kama njia ya wavamizi. Wakati huo Wajerumani walikuwa wamekwisha kuanza kujitwalia ardhi pwani, na habari zilikuwa zimemfikia Kabaka Mwanga. Hannington alikamatwa katika nchi ya Luba, akawekwa kizuizini siku chache, na tarehe 29 Oktoba 1885 akauawa pamoja na wapagazi wake wengi kwa amri ya Kabaka. Yozefu Mukasa Balikuddembe, aliyethubutu kumlaumu Mwanga kwa kitendo hicho, aliuawa mwezi Novemba mwaka huo huo. Mifupa ya askofu ilizikwa Namirembe mwaka 1892.

Tusipite hapa bila kukumbuka kwamba wapagazi waliokufa naye walikuwa watu wa pwani na bara waliozungumza Kiswahili. Majina yao hayakupewa mtoto yeyote. Jina lililosalia midomoni mwa watu lilikuwa moja tu.

Kutoka jina la ukoo hadi jina la ubatizo

Waganda wa kwanza waliobatizwa na wamisionari wa Kianglikana, mwaka 1882, na wale waliowafuata, walichukua hasa majina ya Biblia: Samwiri, Zakaria, Apolo, Yusufu, Nuwa. Wakatoliki walichukua ya watakatifu: Kalooli, Matia, Andereya. Kanisa la Kianglikana halikuwa na desturi ya kuwatangaza watakatifu wapya kama Roma, lakini waumini wake nao walitaka kuwakumbuka watu waliowaona kuwa mashujaa wa imani. Njia waliyoipata ilikuwa kumpa mtoto jina la shujaa siku ya ubatizo. Na shujaa wa Kizungu alijulikana kwa jina la ukoo. Askofu aliitwa Askofu Hannington, si Askofu James. Basi mtoto akawa Hannington.

Hapo ndipo jina lilipogeuka. Lilikuwa la mwisho, likawa la kwanza. Lilikuwa la kurithiwa, likawa la kuchaguliwa. Huko Sussex lilimtambulisha mtu kwa nyumba yake. Hapa lilimtambulisha kwa dhehebu lake. Hata leo ukisikia mtu anaitwa Hannington, unaweza kudhani kwa haki kwamba wazazi wake, au babu zake, waliabudu katika kanisa la Kianglikana.

Hannington hayuko peke yake katika safari hii. Askofu Mkuu wa Kanisa la Uganda kuanzia 1995 hadi 2004 aliitwa Livingstone Mpalanyi Nkoyoyo. Apolo Milton Obote, aliyeiongoza nchi yetu katika uhuru wa 1962, alibeba jina la ukoo la mshairi wa Kiingereza. Mwandishi wa tamthilia za Kiganda Wycliffe Kiyingi alibeba jina la msomi aliyehusika na tafsiri ya Biblia katika karne ya 14. Nchini Kenya, hasa upande wa magharibi, mambo ni hayo hayo: wapo Wycliffe Musalia Mudavadi na Moody Awori. Hannington naye amevuka mpaka na yuko huko. Mashabiki wa kandanda hapa kwetu watamkumbuka pia Hannington Kalyesubula, golikipa wa timu ya taifa.

Kwa hiyo mtawanyiko wa jina hili una ramani mbili. Ramani ya kwanza inaanzia kwenye vijiji vitatu na kwenda hadi pwani ya Sussex, kwa mwendo wa watu wanaohama na kurithisha. Ramani ya pili inaanzia Busoga na Namirembe na kuifuata mitaa ya kanisa: Buganda, Busoga, Ankole, magharibi ya Kenya. Katika ramani hii ya pili damu haina kazi. Jina limesafiri kwa mahubiri, kwa shule za misheni na kwa masimulizi ya kila tarehe 29 Oktoba.

Matamshi nayo yamebadilika. Kiganda hakina sauti h katika maneno yake ya asili, wala neno lake halimalizikii kwa konsonanti. Kijijini utasikia "Aningitoni", na bibi anayeita hivyo hajui kwamba amemwondolea Mwingereza herufi yake ya kwanza na kumwongezea irabu mbili. Wanafunzi wa fonolojia walichukue hili kama zoezi.

Tahadhari: si kila Baker ni mwokaji

Kabla ya kuendelea, nataka kuwaonya wanafunzi dhidi ya kukimbilia asili ya jina kwa kutazama maandishi yake. Hapa Uganda kuna wengi waitwao Baker. Katika Kiingereza, Baker ni mwokaji mikate. Jina hili tunalijua kwa Samuel Baker, aliyefika kando ya ziwa ambalo Wanyoro huliita Mwitanzige mwaka 1864 na kulipa jina la Albert, kisha akapigana na Omukama Kabalega huko Masindi mwaka 1872.

Lakini mwulize kijana wa Kampala aitwaye Baker, na mara nyingi atakuambia yeye ni Mwislamu na jina lake kamili ni Abubaker. Hilo ni jina la Kiarabu, la khalifa wa kwanza, na bakr ndani yake ni ngamia mchanga. Kwa hiyo tuna maandishi yale yale na asili mbili zilizo mbali kama tanuri na jangwa. Anayetaka kujua jina limetoka wapi hana budi kumwuliza mwenye nalo.

Jina la kika si jina la baba

Sasa turudi kwenye fomu ya kijana wangu. Kwa nini hakuandika katika nafasi ya tatu jina la babake?

Tuchukue mfano wa nyumba moja ya Kiganda. Pacha wa kiume wanazaliwa: mkubwa anaitwa Wasswa, mdogo Kato. Kama ni wa kike wanaitwa Babirye na Nakato. Anayezaliwa baada yao anaitwa Kizza, na anayemfuata Kizza anaitwa Kamya. Baba mwenyewe, tangu siku pacha walipozaliwa, ni Ssalongo, na mama ni Nnalongo. Watoto wasio na uhusiano na pacha hupewa majina kutoka katika hazina ya kika, na mara nyingi anayewapa ni babu wa upande wa baba. Hivyo watoto wanne wa tumbo moja wanaweza kuwa na majina manne tofauti, na hakuna hata moja lililo la baba. Mtu wa Acholi au Lango anaelewa jambo hili mara moja, maana Okello naye ni aliyewafuata pacha.

Pamoja na hayo, hakuna mchezo katika utambulisho wa Mganda. Kika kina mwiko wake, yaani muziro, ambao wanakika hawauli. Kina mkuu wake, mwenye jina la cheo ambalo hupokewa na kila anayerithi kiti: Gabunga kwa Mmamba, Walusimbi kwa Ffumbe, Mugema kwa Nkima, Kasujja kwa Ngeye. Kina matawi na vijitawi hadi nyumba moja moja. Kwa kawaida watu wa kika kimoja hawaoani. Na kila kika kina majina yake, kiasi kwamba Mganda akisikia jina lako anaweza kukisia kika chako bila kukuuliza. Lakini kika chenyewe hakiandikwi kwenye cheti. Kinakaa kichwani, na hutajwa mtu anapoeleza ukoo wake mbele ya wakwe.

Kwa hiyo kazi mbili ambazo jina la ukoo la Kiingereza huzifanya pamoja, yaani kumwita mtu na kuonyesha nasaba yake, Kiganda kimezigawa. Jina humwita mtu. Kika huonyesha nasaba. Aliyeandika Mmamba alikuwa amejibu swali la nasaba kwa ukweli kamili. Tatizo ni kwamba fomu haikuuliza hivyo.

Lazima niongeze kwamba mambo yanabadilika. Familia nyingi za mjini siku hizi huwapa watoto wote jina la baba, hasa kwa sababu ya shule, hospitali na pasipoti. Vitambulisho vya taifa, ambavyo wananchi walianza kuandikishwa kwa wingi mwaka 2014, vina nafasi ya jina la kurithi, na nafasi ikiwapo lazima ijazwe. Karani wa leo anafanya kazi ile ile iliyofanywa na karani wa kodi ya kichwa mwaka 1377.

Je, "jina la ukoo" ni tafsiri sahihi?

Nilipokuwa nasoma shahada ya uzamili Dar es Salaam, wenzangu walikuwa na mazoea ya majina matatu: la mtu, la babake, la babu au la ukoo. Jina la tatu ndilo waliloliita la ukoo, hata pale ambapo lilikuwa tu jina la babu. Hiyo ni desturi ya pwani na ya Kiislamu iliyoingia katika maisha ya wote. Mwandishi mashuhuri Shaaban Robert ni mfano: Robert lilikuwa jina la babake.

Hata hivyo, pwani pia kuna majina ya nasaba hasa. Profesa Ali Al'amin Mazrui, mzaliwa wa Mombasa aliyefundisha Makerere hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, alikuwa na yote matatu kwa mpangilio: Ali lake, Al'amin la babake, Mazrui la ukoo mzima uliowahi kuitawala Mombasa. Hapo neno "ukoo" linakaa mahali pake bila ubishi.

Kwa maneno mengine, "jina la ukoo" katika Kiswahili linabeba angalau vitu vitatu: jina la babu, jina la nasaba kama Mazrui, na jina la kurithi la Kizungu kama Hannington wa Sussex. Tunapolileta Uganda linakutana na kitu cha nne, yaani kika, ambacho ni ukoo wa kweli kuliko vyote lakini si sehemu ya jina linaloandikwa. Neno ni moja, na mwanafunzi anaachwa akisie.

Si jambo dogo. Mwaka 2005 Katiba yetu ilirekebishwa na Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Fomu za Kiswahili zinakuja, kama hazijafika, na wanafunzi wetu ndio watakaozitafsiri na kuzijaza. Tukiwapa msamiati wa kukariri tu, watarudishiwa fomu kama mwenzao.

Maoni yangu ni haya. Tunapofundisha, tutenganishe jina la ubatizo au la dini, jina la kuzaliwa ambalo kwa Mganda ni la hazina ya kika, jina la baba, na ukoo wenyewe. Tunapotafsiri fomu kwa matumizi ya Uganda, tuandike "jina la familia kama lilivyo kwenye cheti", maneno saba ambayo hayana uzuri lakini hayampotezi mtu. "Ukoo" tuuache kwa kika, mahali ambapo una heshima yake.

Hitimisho

Jina la Hannington lilianza kwa mtu wa kale aliyeitwa Jogoo, likawa la kijiji, la familia, la duka, la askofu, na sasa ni la vijana wa Uganda ambao hawajapata kuiona Sussex. Kila lilipohama lilibadilisha kazi. Tusilione kuwa limeharibika kwa kuwa hapa ni la kwanza badala ya la mwisho. Limefanya kile ambacho maneno ya Kiarabu, Kireno na Kiingereza yamefanya ndani ya Kiswahili, yaani kufuata sarufi ya mwenyeji.

Kijana wangu alimaliza masomo yake, ingawa kwa kuchelewa. Mwaka jana alinipigia simu kuniambia kwamba amepata mtoto wa kiume. Nikamwuliza kama naye ni Hannington. Akacheka, akasema hapana, babu amekwisha kumpa jina la kika, na cheti cha kuzaliwa amekijaza mwenyewe kwa uangalifu.

Kwa darasa la mwaka wa pili: wiki ijayo kila mmoja aje na majina yake yote, aliyempa kila moja, na mahali ambapo kila moja limeandikwa. Wenye majina ya koo za Kiingereza waje pia na maana yake. Tutaanza na mimi mwenyewe.